Beseni la Rozalia Kihwele

Wasikilizaji wapendwa, ni saa saba mchana, Jumapili. Najua kuna nyumba wali uko tayari na mboga bado. Punguza moto, sogea karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja mbishi.

Mtaniuliza, mbona unaanza na ubishi, wakati marehemu husifiwa kwa upole? Kwa sababu huyu hakuwa mpole. Kaka yake, mzee Vitus Kihwele, ametuonya mapema: "Mkisema dada yangu alikuwa mpole, nazima redio." Hatutaki mzee azime redio.

Jina lake ni Rozalia Kihwele. Alikuwa muuguzi. Kwa miaka ishirini na miwili alihudumia wagonjwa mahututi, kwanza Mbeya, baadaye Iringa. Wagonjwa mahututi ni wale walio kwenye mashine, wale ambao ndugu wanaruhusiwa kuwaona mmoja mmoja, kwa dakika chache. Amezikwa Jumamosi ya wiki iliyopita nyumbani kwao Igowole, wilaya ya Mufindi. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Rozalia Kihwele, muuguzi wa mahututi, miaka ishirini na miwili. Na miaka kumi na mmoja ya mwisho aliitumia kupigania kitu kimoja. Beseni. Beseni la maji. Aliambiwa aliondoe. Hakuliondoa. Hiyo ndiyo habari yenyewe.

Hospitali alizofanyia kazi hatutazitaja. Wenyewe wanajijua, na redio wanazo.

Tuanze Igowole. Igowole ni baridi. Anayebisha aende mwezi wa saba, anawe uso kwa maji ya ndoo iliyolala nje, halafu atupigie simu. Rozalia alizaliwa huko mwaka 1973, kwenye nyumba ya wakulima wa mahindi na viazi, Wakatoliki wa kwenda kanisani kwa miguu. Mama yake alikuwa mchuma chai, anatoka alfajiri, anarudi jioni. Kwa hiyo mtoto alilelewa na bibi. Na bibi huyo, kwa maelezo ya Vitus, ndiye aliyemrithisha ubishi.

Kwao, mkitoka makaburini, hamuingii nyumbani hivi hivi. Panawekwa beseni langoni. Unanawa mikono kwanza. Tena hunawi peke yako. Mwenzako anakumiminia maji, na wewe unammiminia anayekufuata. Ndipo mnaingia, mnakula, mnakaa na wafiwa. Msiba unaachwa pale langoni.

Siku moja Rozalia, akiwa na miaka tisa, alitoka kumzika jirani. Mwezi wa saba. Akaliangalia beseni, akaona maji yale yatamuuma. Akaficha mikono ndani ya sweta, akapita mbio mpaka jikoni.

Bibi alikuwa anageuza mahindi motoni. Hakuinua hata kichwa.

"Mikono yako mikavu."

"Nimenawa, bibi."

"Umenawa na nini, upepo? Rudi langoni. Umekuja na watu."

Rozalia akageuka kuangalia nyuma. Hakuona mtu. Akatoka mbio kurudi langoni, analia kwa sauti. Vitus ndiye aliyekuwa ameshika jagi. "Nikammwagia mengi makusudi," anasema, na mzee huyu wa miaka hamsini na saba anacheka mpaka anafuta macho. "Alilowa mpaka viwiko. Tangu siku hiyo hakukwepa tena beseni."

Umekuja na watu. Yashikeni maneno hayo, wasikilizaji wapendwa. Tutayahitaji.

Rozalia akasoma uuguzi, akapangiwa Mbeya. Mwaka 2003 akaingizwa chumba cha mahututi. Vitanda sita. Mashine za kupumulia, waya, mirija, na ile milio midogo ya mashine isiyonyamaza. Huko alikutana na Tumpe Mwaipopo, Mnyakyusa wa Rungwe, mwenzake wa zamu kwa miaka kumi na minne. Tumpe ni mtu ambaye akikusalimia, lazima aulize na habari za ng'ombe, hata kama unakaa ghorofani. Ametueleza mambo ambayo nyumbani kwa Rozalia hawakuyajua.

"Sisi tuna msemo kule ndani," anasema Tumpe. "Kitanda hakipoi."

Maana yake ni hii. Mgonjwa akifariki, unamfumba macho, unatoa mirija, unamfunga shuka. Unaandika daftarini. Unaita watu wa mochwari. Unapangusa kitanda kwa dawa. Na kabla dawa haijakauka, simu inaita: kuna mwingine mapokezi, hali mbaya, kitanda kipo? Kipo. Analetwa. Unaanza upya. Wakati huo mke wa marehemu bado yuko kwenye korido, hajajua ashike ukuta upi. Wewe umeshamuaga na uko kwa mgonjwa mpya. Kitanda hakipoi.

Mwaka wa kwanza Rozalia alilia. Mwaka wa tatu alikuwa anaomba kimoyomoyo. Mwaka wa tisa hakulia wala hakuomba. Alikuwa anaimba sauti ya pili kwenye kwaya, na Jumapili moja walipoanza wimbo wa kuwaombea marehemu, alifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Akafunga kitabu, akatoka nje. Hakurudi kwaya kwa miaka mitano.

Baba yao mdogo alipofariki, alikwenda Igowole kuzika. Watu wanalia, yeye yuko pembeni anaangalia jinsi shangazi anavyopumua, anahesabu kwa saa ya mkononi. Akauliza jeneza lina urefu gani. Akauliza gari linaondoka saa ngapi. "Alikuja msibani kama mgeni wa serikali," anasema Vitus. "Nikamchukia siku ile. Sikujua anaumwa."

Alikuwa anaumwa roho. Na nani angemwambia? Kazini mara moja kwa mwaka waliitwa semina ya kupunguza msongo wa mawazo. Wakapewa soda na maandazi. Maandazi yakaisha, msongo ukabaki.

Sasa tufike Julai 2014.

Kulitokea ajali pale Igawa, kwenye barabara kuu. Lori na pikapu. Wanaume wawili wa kwenye pikapu waliletwa Mbeya, marafiki. Sedekia, dereva, akalazwa kitanda cha tatu. Saulo, mkulima wa mpunga wa Mbarali, akalazwa kitanda cha nne. Wote hawajitambui. Kule mahututi kuna desturi ya kazi: hata kama mgonjwa hasikii, humgusi kabla hujamwita jina na kumwambia unachotaka kufanya. Saulo, nakugeuza. Sedekia, nakuchoma sindano. Rozalia aliishika sana desturi hiyo. Aliwafundisha wengi.

Siku ya nne, saa sita kasoro mchana, Sedekia akafariki. Rozalia akafanya yote ya kufanywa. Akapangusa mikono, akahamia kitanda cha nne. Mke wa Saulo, mama Eveline, alikuwa amesimama miguuni pa mumewe kwa zile dakika zake chache. Rozalia akainama, akashika bomba la sindano, akasema kwa sauti nzuri, ya upole:

"Sedekia, nakuongezea dawa kidogo."

Mama Eveline akapiga kelele. Na Tumpe, aliyekuwa kitanda cha pili, akaruka akamdaka Rozalia mkono. Maana haikuwa jina tu. Sindano ile ilikuwa ya Sedekia, imeandaliwa tangu asubuhi. Dawa ya kupandisha presha. Na presha ya Saulo ilikuwa juu tayari.

"Ingemuua," anasema Tumpe. "Sipambi. Ingemuua pale pale, na mke wake anaangalia."

Mama Eveline hakujua habari za dawa. Alichosikia ni mumewe kuitwa jina la maiti. Akasema, na chumba kizima kikasikia: "Unamletea mume wangu uchuro! Huyu mwanamke asimguse tena!"

Alikuwa na haki yake. Nalisema wazi, na Rozalia mwenyewe alilisema mpaka mwisho. Mama yule alikuwa na haki.

Rozalia akatoka kwa mlango wa nyuma. Huko ndiko wanakoanika matambara ya kudekia, na kuna bomba la maji. Alikuwa ameshaamua: leo hii anaandika barua, anaacha kazi, anarudi Igowole kulima viazi. Tumpe alimkuta amefungua bomba, mikono iko chini yake, maji yanapita tu.

"Maji ya Mbeya mwezi wa saba, kaka yangu," Tumpe anasema. "Yanauma mpaka mifupa. Namwambia funga bomba, utaugua. Ananiangalia, anasema, 'Tumpe, nimekuja na watu.' Nikajua mwenzangu kachanganyikiwa."

Hakuwa amechanganyikiwa. Alimweleza habari za bibi, za sweta, za beseni langoni. Akasema, mwaka huu peke yake nimewafunga shuka watu wengi, na zaidi ya Sedekia sikumbuki jina hata moja. Nimewabeba wote na siwajui. Ndiyo maana Saulo sikumwona. Nilikuwa nawaona wao.

Tumpe akaokota kopo lililokuwa pale, akaliosha, akakinga maji.

"Lete mikono. Mtaje."

"Sedekia."

"Mwambie aende."

"Sedekia, nenda baba. Nimefanya niliyoyaweza. Nenda."

Tumpe akammiminia. Na Rozalia akalia, kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Zilikuwa dakika tatu, labda nne. Halafu akafuta uso, akarudi ndani, akachukua daftari la makosa ya kazi, akaliandika kosa lake kwa mkono wake: siku, saa, dawa, jina. Hakuna aliyemlazimisha. Tumpe angeweza kunyamaza. Rozalia alisema, "Kosa lisiloandikwa linarudi."

Saulo alipona. Wiki ya sita alitoka kwa miguu yake, na fimbo.

Lakini turudi nyuma: kesho yake baada ya kosa lile, asubuhi, Rozalia alikuja kazini na beseni. La bati, jeupe, ukingo wa bluu, na jagi lake. Akaliweka juu ya stuli pale mlango wa nyuma, na mche wa sabuni. Akawaambia wenzake utaratibu. Ukifiwa na mgonjwa, husogei kitanda kingine kabla hujapita hapa. Wawili wanatoka, wengine wanabaki na walio hai. Unamtaja aliyekwenda, kwa jina lake. Unamuaga kwa dini yako. Mlokole aombe, Mwislamu aseme Innalillahi, asiye na lolote anyamaze. Mwenzako anakumiminia maji. Dakika tatu. Halafu unarudi kwa walio hai, na unawaita kwa majina yao.

Palikuwa na muuguzi anaitwa Obeid, ambaye ibada yake ya Jumapili ni mpira. Yeye ndiye aliyekuwa ananyamaza. Lakini Tumpe anasema hakuna aliyekuwa anawahi beseni kama Obeid.

Siwaambii kwamba watu waliacha kufa. Walikufa vile vile. Ila Rozalia alianza kulala. Alianza kuwakumbuka kwa majina, na majina hayakumlemea. Na mama Eveline alipomleta Saulo kliniki mwaka uliofuata, akaliona beseni, akauliza, akaambiwa limetokana na kelele zake. Alikaa chini kwenye ngazi. Baadaye alinyanyuka, akamshika Rozalia mkono.

Basi, penye wengi hapakosi mkuu wa kukataza. Mkuu wa wauguzi, patroni Philbert, alimwita Rozalia kikaoni mbele ya wenzake. Tumpe alikuwepo.

"Sista Rozalia, hii ni hospitali, siyo matanga."

"Matanga tukafanyie wapi, patroni? Watu wanafia humu."

"Maji yaliyotuama yanaleta maambukizi."

Hapo Rozalia alikubali. Mbishi siyo mjinga. Akasema kuanzia leo maji yatamiminwa tu, hakuna mkono utakaoingia ndani ya beseni, na beseni litamwagwa kila mara. Na ndivyo ilivyokuwa.

"Na dakika tatu zinapotea."

"Dawa isiyo ya mgonjwa inaingia kwa sekunde ngapi?"

Patroni akabadili njia. Akasema ndugu wa wagonjwa wananong'ona, eti wauguzi wanafanya mambo ya kishirikina mlango wa nyuma.

"Waje waone. Ni maji na sabuni."

"Sista, uvumilie. Wahenga wamesema, mganga hajigangi."

"Ndiyo maana tunagangana, patroni."

Nasikia wengine mmecheka. Patroni hakucheka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ofisi yake ilikuwa mbali na kitanda cha tatu. Mwaka 2017 ikaja barua. Rozalia aondoe chombo kile ndani ya siku saba. Na sababu iliyoandikwa, wasikilizaji wapendwa, ni kosa lake la Julai 2014. Lile lile aliloliandika mwenyewe daftarini. Waliligeuza fimbo, wakampigia.

Tumpe anasema hilo lilimuuma kuliko yote. Alikaa nalo siku sita. Wenzake walimshauri: Rozalia, ni beseni tu. Tutakuwa tunanawa bombani kimya kimya, nani atajua? Akawajibu, "Nikilificha, nimekubali kwamba ni aibu. Siyo aibu." Siku ya saba akajibu barua ile kwa mistari mitatu. Tumpe anaijua kwa kichwa:

"Barua nimeipokea. Kosa ni langu. Beseni lipo."

Mwezi uliofuata akahamishiwa Iringa. Walisema ni uhamisho wa kawaida. Sawa. Alipanda basi na beseni lake mapajani, limefungwa kwa kanga, kwa sababu alikataa liwekwe kwenye buti, lisije likakunjika. Na huko nyuma Mbeya, asubuhi ya pili baada ya yeye kuondoka, wauguzi wakakuta stuli haiko tupu. Pana beseni jipya. La plastiki, jekundu, rangi ya kuonekana toka getini. Obeid alikuwa amelinunua. Hakusema lolote. Ni kawaida yake kunyamaza.

Iringa alipanga nyumba Mlandege. Wiki ya kwanza kazini aliweka stuli mlango wa nyuma. Mkubwa wake mpya akamuuliza, kwa adabu, utaratibu huu uko kwenye mwongozo gani.

"Haumo."

"Sasa?"

"Uandikeni. Mimi nina maji, nyinyi mna kalamu."

Hawakuandika. Lakini beseni likakaa. Muuguzi Jackline, aliyekuwa bado mgeni kazini wakati huo, ndiye aliyetusimulia ya Iringa. Anakumbuka mzee Taherali, mwenye duka pale mjini, ambaye mkewe Sakina alilazwa siku kumi na moja. Bi Sakina alipofariki, saa tatu asubuhi, Rozalia na Jackline wakatoka mlango wa nyuma. Mzee akawafuata na kofia yake mkononi. Akawasikia wakimtaja mkewe. Akasimama. Halafu akasogea, akachukua jagi.

"Siku kumi na moja mmemfuta uso mke wangu," akasema. "Leo nyinyi nyoosheni mikono."

Akawamiminia. Maji mengine yanaangukia viatu. Jackline anasema tangu aanze kazi, hajawahi kulipwa hivyo. Jumapili ile Rozalia alikwenda kanisani, akauliza kama kwaya ina nafasi ya sauti ya pili. Sauti ilikuwa imekwaruza. Wakampokea.

Sasa nitasema jambo ambalo familia wameturuhusu kulisema. Beseni halitibu presha. Rozalia alikuwa nayo, na dawa zake alikuwa anazisahau. Alipima presha za mkoa mzima, yake akaiacha. Jackline alimgombeza mara nyingi, na mara nyingi alijibiwa kwa mzaha. Ubishi nao una bei yake. Siku ya Ijumaa alianguka nyumbani Mlandege, jirani wakamkimbiza hospitali. Akalazwa kitanda cha pili, kwenye chumba chake mwenyewe. Wenzake walimwita jina kabla ya kumgusa. Rozalia, tunakugeuza. Rozalia, ni mimi Jackline.

Jumanne asubuhi kulikuwa na wageni wa ukaguzi. Na kwa sababu ya ukaguzi, Jumatatu mkubwa alikuwa ameamuru beseni liingizwe stoo. Siku moja tu, alisema. Msituletee maswali.

Saa tano asubuhi, Jumanne, Rozalia Kihwele akafariki.

Jackline alimfumba macho. Akatoa mirija. Akamfunga shuka, na anasema hakukosea hatua hata moja, kwa sababu aliyemfundisha ndiye aliyekuwa pale. Halafu akatoka, akaenda stoo. Akarudi amebeba beseni mbele ya wakaguzi wote na mafaili yao. Mkubwa akamfuata ananong'ona, "Jackline, siyo leo."

"Leo ndiyo yenyewe."

Mkaguzi mmoja akauliza, "Hicho ni nini?"

"Tumefiwa na mwenzetu kitanda cha pili," Jackline akajibu. "Naomba mtusubiri."

Wakasubiri. Simu ya mapokezi ikaita, kama kawaida yake: kitanda kipo? Muuguzi aliyebaki ndani akajibu kwamba kinaandaliwa, dakika tatu. Mlango wa nyuma wakanawishana, wakamtaja, wakamuaga kila mtu kwa dini yake. Siku hiyo kitanda kilipoa.

Wakamsafirisha Igowole. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye msalaba wa kanisa. Vitus aliliweka beseni langoni kwa mkono wake, lile lile la bati lenye ukingo wa bluu, sasa limebanduka rangi chini. Watu walipotoka makaburini walikuta mtu ameshika jagi. Alikuwa mama Eveline wa Mbarali. Saulo alikuwa pembeni yake na fimbo. Hakuna aliyempangia kazi ile. Alilichukua jagi na hakutaka kulitoa kwa mtu mwingine.

Msururu ulikuwa mrefu. Katikati yake alikuwemo patroni Philbert, siku hizi mstaafu, amesafiri kutoka Mbeya. Tumnyime sifa? Hapana, alikuja. Zamu yake ilipofika akanyoosha mikono. Mama Eveline hakumimina.

"Taja jina kwanza."

"Jina la nani, mama?"

"Umekuja kumzika nani?"

Vitus alikuwa hatua mbili tu, aliona kila kitu. Anasema mzee yule aliangalia maji, akaangalia beseni. Alilijua. Mikono imenyooka pale, watu nyuma yake wanangoja, baridi inauma.

"Rozalia," akasema.

"Kamili."

"Rozalia Kihwele."

Mama Eveline akamimina. Vitus anasema alimmwagia mengi.

Wasikilizaji wapendwa, barua ya mwaka 2017 haijafutwa. Tumepiga simu, tumeambiwa bado iko kwenye faili. Na leo asubuhi tumempigia Tumpe, ambaye alikuwa zamu kule Mbeya. Tumemuuliza swali moja. Akajibu, "Lipo. Jekundu. Njoo uone."

Tunampa pole mzee Vitus na ukoo wote wa Kihwele, Igowole na popote mlipo. Pole kwa kwaya iliyopoteza sauti ya pili. Pole kwa Jackline, Tumpe, Obeid na wauguzi wote wa mahututi, mlio zamu sasa hivi na mliolala mchana huu mkingoja zamu. Tumpe ametuomba tuseme kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, Rozalia. Asante sana.

Na wewe unayesikiliza, nikuulize. Kuna nesi alimshika baba yako mkono mara ya mwisho. Alimfumba macho. Ulipotoka pale, yeye alikwenda wapi? Alikwenda kitanda kingine. Nani alimmiminia maji? Kama ni jirani yako, leo mgongee mlango. Usimpelekee semina. Mkalishe, muulize ametoka na nani kazini, umwache ataje. Na wewe nesi unayeona aibu kusema kwamba umechoka roho: siyo aibu. Ukiambiwa uondoe beseni lako, umeshajua jibu.

Redioni ukimya ni kosa. Hapa kwetu tunaandikiwa barua kwa ajili hiyo. Fundi mitambo wangu, Silvester, ameshanitolea macho, anajua ninachotaka kufanya. Dakika tatu nitafukuzwa kazi. Nitachukua sekunde kumi, na barua yake nitaipokea. Popote ulipo, jikoni, shambani, wodini, kama kuna maji karibu, nawa mikono. Mtaje wako. Mimi namtaja huyu.

Rozalia Kihwele.